Kisoma kadi cha xD: uzoefu wangu wa kutoa picha kwenye kamera ya zamani

Mwezi uliopita nilinunua kisoma kadi chenye matundu manne, yaani kifaa cha kusomea kadi za kumbukumbu kwenye kompyuta, kile ambacho wauzaji hukiita kadi rida, katika duka la vifaa vya kompyuta hapa mjini Dodoma, kwa shilingi 28,000. Nilikihitaji kwa kazi moja tu, nayo ni kutoa picha zilizobaki ndani ya kamera yetu ya Fujifilm FinePix ya megapikseli 5, ambayo imekaa kabatini tangu tulipohamia kwenye kamera za simu. Kompyuta ya mezani iliyokuwa na nakala za picha hizo iliharibika diski zamani, hivyo kadi iliyomo ndani ya kamera ndiyo ilikuwa imebaki peke yake na picha za marehemu baba akiwa katika shamba lake la zabibu kule Hombolo. Naeleza kwa kirefu kwa sababu nyumba nyingi zina kamera ya namna hii, na kilichomo kinaweza kupotea kwa kubonyeza mahali pamoja pasipostahili.

Nilianza na waya. Tundu la kamera ni la mini-USB, lile nene lililotumika kabla ya matundu ya simu za leo, na waya wake nilioununua haukuleta chochote kwenye kompyuta. Nilidhani kamera imekufa, hadi fundi simu wa jirani aliponieleza kwamba nyaya nyingi za bei ndogo ni za kuchajia tu. Ndani yake mna nyuzi mbili za umeme, lakini zile mbili za kupitishia data hazimo. Kamera yangu hutumia betri mbili za AA na haichajiwi kwa waya, kwa hiyo hata taa ya kuonyesha kwamba umeme umefika haikuwaka. Mfanyakazi mwenzangu aliniazima waya kamili, na folda ya picha ikafunguka, ila betri za kawaida nilizonunua dukani mtaani ziliisha nguvu kabla picha ishirini hazijatoka. Isitoshe, kifuniko cha betri kilivunjika siku nilipoiangusha kamera, na tangu hapo ukiigusa vibaya inazimika. Kamera inayozimika huku kadi ikisomwa ni hatari kwa kadi yenyewe, nami sikutaka kujaribu mara ya pili.

Ndipo nilipotafuta kisoma kadi, na hapa ndipo wengi watakwama. Kamera hii haitumii kadi ya SD. Inatumia xD, kadi iliyoletwa na kampuni za Olympus na Fujifilm mwaka 2002 na ambayo sasa haitengenezwi tena. Ina upana wa milimita 20 kwa 25, wakati SD ni 24 kwa 32, na kwa kuwa ni ndogo zaidi inaweza kupenya kidogo kwenye tundu la SD la kompyuta mpakato na kumdanganya mtu kwamba imekaa. Isisukumwe humo. Maduka mawili ya kwanza yaliniuzia maneno kwamba kisoma kadi chochote kinasoma kadi zote, jambo ambalo si kweli. Katika duka la tatu niliomba kukishika chenyewe, nikaona maandishi ya xD yamechongwa juu ya tundu mojawapo, na nikamwomba muuzaji anionyeshe kwenye boksi kama kinasoma aina M. Kadi za xD za mwanzo ziliishia MB 512, na zile za aina M na H zilizoanza kutoka mwaka 2005 ndizo zilizofika GB 1 na GB 2. Kadi yangu ni GB 1 na ina herufi M, hivyo kisomaji kilichotengenezwa kabla ya hapo huenda kisingeitambua.

Nilipochomeka kwa mara ya kwanza, kompyuta yenye Windows 11 ilileta ujumbe ulionitetemesha mikono: diski inahitaji kufomatiwa, yaani kufutwa na kuandaliwa upya, kabla ya kutumika. Tafadhali, anayesoma hapa asikubali ujumbe huo hata kidogo. Nilibonyeza kitufe cha kughairi (Cancel), nikaichomoa kadi na kuipeleka dirishani. Kwenye zile sahani ndogo za dhahabu nyuma ya kadi palikuwa na utando mwembamba wa vumbi la rangi ya kahawia, lile vumbi letu la kiangazi linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Nilipitisha kitambaa kikavu cha pamba kwa upole, mstari kwa mstari, bila maji wala spiriti, nikapuliza tundu la kisomaji, nikairudisha. Safari hii folda ya DCIM, ile ambamo kamera huweka picha, ilifunguka, na ndani yake faili zikaanza kujipanga, DSCF0001, DSCF0002, hadi picha 380.

Kadi ya SD ina kitufe kidogo cha pembeni cha kuzuia isiandikwe. xD haina kinga hiyo. Kwa sababu hiyo sikufungua picha hata moja ikiwa bado kwenye kadi, sikuzungusha wala kufuta chochote. Nilinakili folda yote bila kuihamisha, kazi iliyochukua dakika nne na ushee, kisha nikalinganisha idadi na ukubwa wa folda mbili, na baada ya hapo nikaweka nakala ya pili kwenye diski ya nje. Tarehe zilinisumbua kidogo, kwa kuwa kompyuta ilionyesha faili zote zimeundwa siku ile ile ya kunakili. Tarehe halisi ya kupigwa huwa imeandikwa na kamera ndani ya picha yenyewe, na nilipopanga kwa tarehe hiyo kila kitu kilirudi mahali pake.

Picha ya kwanza niliyoifungua ni ya Agosti 2009, wakati wa mavuno. Baba amesimama kati ya mistari miwili ya mizabibu, mkono wa kulia umeshika mkasi wa kupogolea, na wa kushoto umebeba kichala cha zabibu nyekundu za Makutupora kana kwamba anakipima uzito. Nilipoikuza, ile plasta aliyokuwa akijifunga kwenye kidole cha shahada kila msimu ilionekana wazi. Nilikuwa nimeisahau kabisa plasta hiyo.

Kuhusu kifaa chenyewe, nimeridhika nacho na ningekinunua tena kwa bei hiyo. Kinasoma pia kadi za CF (CompactFlash), SD na microSD, hakikuhitaji programu yoyote ya ziada, na hakikupata joto. Waya wake ni mfupi mno, kiasi kwamba kinaning'inia pembeni ya kompyuta na inabidi kukiwekea kitabu chini, na tundu la xD limelegea kidogo. Ukikitikisa, kadi inapotea kwenye skrini. Mwenye kompyuta isiyo na tundu la kawaida la USB atalazimika kununua pia adapta ya USB-C.

Kuna jambo moja ambalo kisoma kadi hakiliwezi, nami nilikaribia kulipita. Kamera yetu, kama nyingine za wakati ule, ina kumbukumbu yake ya ndani, ndogo sana, ambayo hutumika kadi inapokuwa haimo. Nilipoiwasha bila kadi niliona picha sita ambazo hazikuwa miongoni mwa zile 380. Hizo zilitoka kwa ule waya wa kuazima, nikiwa nimeweka betri za NiMH, zile za kuchajiwa tena, zilizojaa chaji, huku mke wangu akikandamiza kifuniko kwa kidole gumba mpaka picha ya mwisho ilipoingia. Nne zimetoka na giza. Moja ni ya mbuzi wa jirani. Ya sita ni ya baba na mama wamekaa kwenye kreti za zabibu zilizofunikwa gunia, wakinywa chai, na mama nilipompelekea alisema hakujua kwamba siku ile kulikuwa na mtu aliyeshika kamera.