Huduma ya SMS za jumla: ujumbe unafika, kuingia ndiko kugumu

Kwa miezi mitatu nimetumia huduma hii katika duka letu la pembejeo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na ujumbe huwafikia wakulima wa Uyole na Tukuyu bila kuchelewa. Kero iko kwenye uthibitishaji. Programu yetu ilipoita API yao (njia ya programu kuwasiliana na mfumo wao) ilirudishiwa msimbo 401, yaani hujatambuliwa, siku mbili mfululizo, ilhali jina na nywila vilikuwa sahihi; nilipoyachunguza maandishi ya Base64 (namna ya kusimba jina na nywila kabla ya kuvituma) niliyoyaandaa kwa echo, amri ya kompyuta ya kutoa maandishi, niliona yanaishia na Cg==, dalili ya mstari mpya ambao echo huuongeza mwishoni, na nilipotumia echo -n, isiyoongeza mstari huo, tukapokelewa mara moja. Kosa hilo lilikuwa langu, nakiri. Hata hivyo, seva yao ilijibu “hitilafu” tu, na mhudumu wa simu akanishauri niombe ruhusa zaidi, kana kwamba 401 ni sawa na 403, ambayo humaanisha kwamba umetambuliwa ila huruhusiwi. Bei ni nafuu. Mwongozo wao una kurasa mbili, na katika mfano wa kichwa cha Authorization (sehemu ya ombi inayobeba jina na nywila) wamesahau nafasi inayotakiwa baada ya neno Basic.