Friza mbili kutoka Dar hadi Kibirizi: uzoefu wangu na maduka makubwa ya bei nafuu

Nauza maji ya baridi, juisi na barafu pale Kibirizi, Kigoma, kwa watu wa boti na wachuuzi wa dagaa. Friza ndiyo jembe langu. Ninazo mbili, na zote zimetoka Dar kwenye maduka makubwa yenye sifa ya kuuza rahisi. Naulizwa sana kama sifa hizo ni za kweli, basi naeleza yaliyonipata.

Ya kwanza niliinunua Game, Mlimani City, mwaka 2017 nilipokwenda kwenye harusi ya mdogo wangu. Game ilikuwa ya kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, na Massmart yenyewe Walmart ya Marekani ilishanunua asilimia 51 ya hisa zake mwaka 2011. Walmart ndiyo hiyo aliyoianzisha Sam Walton kule Arkansas mwaka 1962. Kwao wanunuzi wanaisifu kwa bei, lakini wafanyakazi wake wamelalamikia mishahara midogo kwa miaka mingi. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichokijua ni maneno ya mtaani kwetu Mwanga: kitu cha Game ni orijino.

Friza ilikuwa imebandikwa 690,000. Nikamwambia kijana wa pale, mwanangu, hii inakwenda Kigoma, ikinigomea siwezi kuirudisha kesho. Akafungua boksi, akaichomeka, tukasubiri. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa ndani mpaka nikasikia ubaridi unaingia vidoleni. Kaunta wakanitoza 690,000 ileile, risiti ikatoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, karatasi ya waranti ikagongwa muhuri. Risiti niliitoa kopi siku hiyohiyo, maana maandishi ya zile karatasi hufutika.

Roli lilinila 80,000. Kwa hiyo friza yangu ni ya 770,000, na sisi wa huku lazima tupige hesabu namna hiyo, mpaka mlangoni. Nikaongeza na stabilaiza, kwa sababu miaka ile umeme wetu ulikuwa wa jenereta za dizeli, na ukikatika ulikuwa unarudi kwa kishindo.

Mwishoni mwa 2022 Game wakafunga duka lao Tanzania. Niliumia kweli.

Mwaka 2023 biashara ilipanuka, nikamtuma mdogo wangu kwenye duka jingine kubwa la Dar, ambalo jina lake naliacha. Linasifiwa kila kona kwa ofa. Akanipigia picha ya bei: 640,000, lita 200. Nikatuma hela. Kufika kaunta anaambiwa 685,000, ofa imeisha jana. Kibandiko cha 640,000 bado kiko juu ya friza! Alitakiwa aondoke. Mimi ndiye niliyemwambia alipe, kwa kuwa roli lilikuwa linapakia jioni ileile. Risiti wakamwandikia kwa mkono.

Ilipofika Kibirizi nikaona chupa haziingii kama nilivyozoea. Fundi wangu akaigeuza, akafuta vumbi kwenye kile kibati cha nyuma, akanisomea: lita 142. Boksi limeandikwa 200, kibati kinasema 142. Nilikaa chini.

Nikapiga simu siku nne. Jibu likawa moja: ilete dukani tuione. Kuirudisha Dar ni roli lingine, na waranti ambayo mteja wa mkoani hawezi kuifikia haina kazi kwake. Na risiti ya mkono haikunipa pa kushika. Serikali inatuimbia kila siku, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Sikudai, na hilo ni langu. Baada ya wiki tatu na picha nyingi za kibati, wakanirushia 45,000 ya ofa kwa simu. Ya lita zilizopungua hawakuigusa.

Nikiri haki yao: ile friza inagandisha vizuri, na mabeseni na vikombe nilivyoagiza pamoja nayo ni vigumu na bei yake kweli ni ya chini. Vitu vya plastiki ningewatuma tena kesho. Cha umeme, hapana, mpaka mtu wangu asimame pale, kiwashwe, na anisomee kibati kwenye simu kabla sijatuma hata shilingi.

Ile ya Mlimani nimebadilisha mpira wa mfuniko mara moja tu. Humo ndimo naweka barafu ya boti za Kagunga.