TAHADHARI: Kuna jamaa anauza rezini ya kupimiwa kwenye chupa za maji

Nimelizwa 150,000 kwa rezini (ile plastiki ya majimaji inayoganda ikawa ngumu ukiitia dawa yake, hadena), na dirii sita (vazi la kifua la vita) za askari wa Kirumi ziko uani kwangu zimelegea kama chapati iliyomwagikiwa mchuzi. Ningenyamaza nimeze aibu yangu, ila juzi nimeona jamaa bado anatangaza, kwa picha zilezile.

Mimi ndiye ninayeshughulikia mavazi ya igizo la Ijumaa Kuu la vijana wa kanisa letu hapa Dar. Miaka yote askari wetu wanavaa maboksi yaliyopakwa rangi ya fedha. Jasho likishaingia, wakifika Golgota dirii zimekunjamana na watoto waliokaa mbele wanacheka wakati watu wazima wanafuta machozi. Mwaka huu nikasema sasa basi. Unakata boksi kwa ramani, unaunganisha kwa gundi, unapaka rezini nje iingie kwenye karatasi, kisha ndani unalaza kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) na kukilowesha kwa rezini. Ikishakauka, puti, msasa, rangi. Dirii ya namna hiyo unaigonga kwa kidole inalia ko ko ko.

Jamaa nilimpata mtandaoni. Ukurasa umejaa chapeo na ngao zinazong'aa, anasema ni kazi za wateja wake wa Dar. Baada ya kuibiwa ndipo nikakodoa macho vizuri: nyuma ya ngao moja kuna soketi ya ukutani yenye matundu mawili ya mviringo. Nyumba gani ya Dar ina soketi hiyo? Bei yake haikuwa ya kutupa, la sivyo ningeshtuka. Lita sita na hadena yake, tuma hela kwanza, bodaboda analeta. Jina lililotokea kwenye muamala si lake. “La shemeji yangu.” Nikatuma.

Mzigo ulikuja kwenye chupa nne za maji za lita moja na nusu, hazina kibandiko chochote. Hadena iko kwenye kichupa cha dawa ya macho. Hapo ndipo nilipotakiwa kumrudisha bodaboda na mzigo wake, lakini zilibaki wiki tatu na vijana walikuwa wanauliza kila siku.

Nikapima kwa mizani ya jikoni kama nilivyofundishwa, hadena gramu mbili kwa gramu mia za rezini. Nikapaka dirii zote sita kwa mkupuo (ujinga wangu huo, nakiri). Rezini nzuri ni nzito kiasi, inavutika kwenye brashi. Hii ilikuwa inakimbia kama mafuta ya taa, na boksi likainywa lote. Saa moja ikapita, bado mbichi. Kesho yake ikawa inanata kama ulimbo, na kifua cha dirii ya kwanza kimebonyea kwa uzito wake wenyewe.

Nikampigia. Akasema ni unyevu wa masika, niongeze hadena mara mbili. Nikaongeza. Hakuna. Na kwa kweli unyevu unaweza kuharibu rezini, ndiyo maana nilimwamini siku mbili nzima.

Kilichonifungua macho ni fundi mmoja wa boti za faiba kule Kunduchi. Alichukua vikopo vinne vya nyanya, kila kimoja akatia gramu hamsini za rezini na gramu moja ya hadena. Yake kwa yake: dakika kama ishirini ikawa jeli, kikopo kikapata joto mpaka nikakiweka chini. Rezini yake kwa hadena ya jamaa: jioni bado maji. Rezini ya jamaa kwa hadena ya fundi: kesho yake kidole bado kinazama. Ya jamaa kwa ya jamaa: uji. Na mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo hiyo, unyevu ni uleule kwa vikopo vyote vinne. Fundi akanusa chupa, akasema hii imezimuliwa kwa tina, ile ya kulainishia rangi. Tina inaifanya rezini iwe nyingi, lakini inakaa humo ndani na kazi haishiki. Kile kichupa alikirudishia kifuniko akasema hiyo si hadena kabisa.

Sasa sababu kubwa ya kuandika hapa. Nilipomrudia jamaa na matokeo hayo, aliniambia ataniletea “dawa ya zambarau”, nichanganye na hadena kwanza, ndipo nimimine kwenye rezini. Fundi aliposikia alisimama. Dawa hiyo ni kobalti, kazi yake ni kuharakisha. Inatiwa kwenye rezini, inakorogwa mpaka ipotee, hadena inafuata baadaye. Ukikutanisha kobalti na hadena halisi zikiwa tupu, zinawaka au zinalipuka mkononi mwako. Hadena yenyewe tu ikiruka jichoni inaweza kukupofusha. Mtu anayetoa maelekezo ya namna hiyo kwa wateja asiowaona, hela ndiyo hasara ndogo.

Baada ya hapo akanifungia simu. Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu keshalibadilisha mara mbili. Mtamjua kwa chupa za maji, kichupa cha dawa ya macho, na ile soketi.

Rezini nimenunua upya, kopo la kiwandani lenye kibandiko na tarehe, na nilijaribu kikopo kimoja dukani kwa fundi kabla ya kulipa. Dirii mbili zimewahi igizo, askari wanne walivaa maboksi kama kawaida.

Kama uliagiza kwake na hujapaka, usipake. Usimwage kwenye mtaro wala usiipashe moto ili ikauke. Funga chupa, weka kivulini mbali na jiko. Na kama aliwahi kukutumia ile dawa ya zambarau, itenge kabisa na hadena, hata kabati lisiwe moja. Risiti ya muamala usiifute. Mimi nimesharipoti polisi na tuko watatu mpaka sasa. Wa nne aniandikie, aje na namba ya muamala na picha ya chupa.