Kompyuta iliganda wiki nzima baada ya kuhamia Windows 11, na mkosaji alikuwa diski

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amekaa mbele ya kompyuta yake, mshale wa kipanya unatembea vizuri kabisa, lakini kila anachobofya hakifunguki. Nimekaa kwenye kiti hicho siku nane. Nilipoteza siku sita kati ya hizo kwa kutibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ya mwaka 2018: prosesa ya Intel Core i5-8400, RAM ya GB 8, na diski ya kuzunguka (HDD, ile ya kizamani yenye sahani inayozunguka ndani) ya TB 1. Kazi yangu ni kunakili rekodi za sauti. Nasikiliza mahojiano, naandika, narudisha nyuma sekunde tano, nasikiliza tena. Kwa kazi ya namna hiyo mashine ikisita hata nusu sekunde unaisikia mwilini.

Windows 10 ilifika mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Kulikuwa na mpango wa kujiandikisha upate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, lakini mashine yangu ilikuwa na sifa za Windows 11, nikaona ya nini kuahirisha. Prosesa za Intel zinaanza kukubaliwa kwenye kizazi cha nane, na yangu ni ya kizazi hicho. Kikwazo kilikuwa TPM 2.0, kijenzi cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, nacho kiliondoka kwa kuingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, na kuwasha kitu kinachoitwa PTT, ambayo ni TPM ya Intel. Watu wengi wanaambiwa mashine zao hazifai kumbe swichi hiyo tu ndiyo imezimwa.

Kupandisha toleo kulichukua karibu saa tano. Leo ningeshtuka kwa saa hizo peke yake. Siku ile nilidhani ndiyo kawaida.

Asubuhi yake ndipo balaa lilipoanza. Kuwaka tu, kuanzia kubonyeza swichi hadi kuweza kufungua folda, dakika nne na zaidi. Nikifungua kivinjari, dirisha linakuja jeupe, linakaa jeupe, halafu linaandika kwamba halijibu. Nikiandika sentensi, herufi hazitokei; baada ya sekunde kumi zinamwagika zote kwa mpigo. Na katikati ya yote hayo mashine inaamka ghafla, inafanya kazi dakika tano kama haijawahi kuumwa, kisha inaganda tena. Kule kuamka ndiko kulikonidanganya. Nikawa najiambia tatizo ni la programu, litapatikana tu.

Nikafuata ushauri wote unaozunguka mitandaoni. Nilizima programu zinazojiwasha zenyewe. Nilisimamisha huduma ya SysMain na ile ya kuorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji. Niliondoa madoido ya madirisha yanayopitisha mwanga, nikafuta mafaili ya muda, nikaweka upya kiendeshi cha kadi ya picha. Niliendesha DISM, kisha sfc /scannow, amri za Windows za kukagua na kurekebisha mafaili ya mfumo; hiyo ya pili ikakwama kwenye asilimia 41 kwa muda mrefu kabla ya kusogea. Nilizima na kuwasha mara zisizohesabika, bila kujua kwamba kwenye Windows kuzima kwa kawaida hakufuti kila kitu: pale kipengele cha kuwaka haraka kinapokuwa kimewashwa, sehemu ya mfumo inahifadhiwa kwenye diski na kurudishwa vilevile. Anayetaka kuanza upya kweli achague Restart, si Shut down.

Sisemi hatua hizo hazina maana. Kwenye mashine isiyo na ubovu, siku moja au mbili za uzito baada ya kupandisha toleo ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu mfumo mpya unaorodhesha mafaili upya, unapakua masasisho, na kinga ya virusi inapitia kila kitu. Ukiiacha ikiwa imewaka usiku mmoja inatulia. Yangu ilifika siku ya tano inazidi kuwa mbaya, na hapo nilipaswa kubadili swali.

Fundi niliyempigia simu aliniambia ninunue kompyuta nyingine. Hakuuliza hata swali moja.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu, tena si mtu wa kompyuta. Alikuja kuazima chaja, akasimama pale mlangoni, akanyamaza.

"Dada, hebu zima hilo feni."

Nikazima. Akainama karibu na kasha.

"Husikii? Kuna kitu kinagonga humo."

Nikasikia. Tk. Kimya. Tk, tk. Kimya kirefu, halafu mlio kama wa kitu kinachovuta pumzi na kuanza tena. Nikaangalia kioo: kila mlio ule ulipoanza, herufi zilisimama. Ulipokoma, herufi zilimwagika. Siku sita nilikuwa nimevaa vipokea sauti masikioni nikisikiliza sauti za watu wengine, na mashine yenyewe ilikuwa inalia miguuni pangu.

Nikafungua Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, nikaenda kwenye ukurasa wa Performance, nikabofya diski. Hapa ningependa kila mwenye tatizo hili aangalie kwa makini, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita hapo mara nyingi na kusoma vibaya. Iliandika 100%. Nilikuwa nadhani maana yake ni kwamba diski inabeba mzigo mkubwa. Sivyo. Asilimia ile ni muda ambao diski iko kazini, haisemi imebeba kiasi gani. Chini yake kulikuwa na kasi ya kusoma: MB 0.4 kwa sekunde. Na pembeni, wastani wa muda wa kujibu: milisekunde 6,812.

Diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3. Ikiwa nzima, kutafuta kipande kimoja cha data popote pale ni milisekunde kumi na kitu. Yangu ilikuwa inachukua karibu sekunde saba kwa ombi moja. Diski inayojibu hivyo haijaelemewa, inaumwa.

Nikapakua CrystalDiskInfo. Ni programu ya bure, ndogo, inayosoma kumbukumbu ambazo diski yenyewe inaziweka kuhusu afya yake. Ikafunguka baada ya kusuasua, na juu kushoto kulikuwa na kibandiko cha njano: Caution. Mistari ya kuangalia ni michache. 05 ni sekta mbovu (sekta ni kipande kidogo cha diski kinachohifadhi data) ambazo diski imeshazibadilisha kwa zile za akiba. C5 ni sekta ilizoshindwa kuzisoma na hazijaamuliwa bado. C6 ni zile zilizoshindikana hata ilipojikagua yenyewe. C7 ni makosa ya njiani, kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi maana yake ni kebo. C7 yangu ilikuwa sifuri. Ingekuwa inapanda, ningebadilisha kebo ya SATA kwanza kabla ya kitu kingine chochote. C5 iliandika B8. Nilifikiri ni msimbo fulani, kumbe programu hii huonyesha namba kwa mfumo wa heksadesimali hadi uibadilishe kwenye menyu. B8 ni 184. Sekta 184 zilikuwa zinasubiri.

Hapo mambo yakaeleweka. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sekta isiyosomeka haikati tamaa upesi. Inarudia, inarudia, sekunde baada ya sekunde, na kila programu inayohitaji kitu kwenye diski hiyo inapanga foleni nyuma yake. Mshale unaendelea kutembea kwa sababu hauhitaji diski. Kila kitu kingine kinasimama. Sekta zile huenda zilikuwa mbovu kwa miezi, zimelala chini ya mafaili ambayo sikuwa nikiyagusa. Kupandisha toleo kuliandika makumi ya GB, kukahamishia mfumo wa zamani kwenye folda ya Windows.old, kisha uorodheshaji ukapita faili kwa faili. Windows 11 ilifagia chumba kizima, ikaamsha kila kilicholala.

Nilikuwa siku ya saba. Windows inakupa siku kumi za kurudi kwenye toleo lililopita, na nakiri kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Nashukuru sikubofya. Kurudi nyuma kungekuwa kuitwisha tena kazi kubwa diski ileile. Kwa sababu hiyohiyo nawasihi: msiendeshe chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski ambayo C5 yake si sifuri kabla ya kuokoa mafaili yenu. Inasoma uso wote wa diski, na diski inayokufa inaweza kumalizikia hapo. Kwanza mafaili, matengenezo baadaye.

Nilinunua SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA ya GB 500 na diski ya nje. Nakala nilianza na vitu visivyo na mbadala: rekodi za mama, rekodi za wateja, kazi zilizokamilika, picha. Kunakili kwa kuburuta folda kulikwama kwenye faili la tatu, nikatumia robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, kwa kuiwekea /E /R:1 /W:1. Hizo mbili za mwisho msizisahau. Bila kuziweka, robocopy ikishindwa kusoma faili inasubiri sekunde 30 na kujaribu tena, na imepangwa kurudia mara milioni moja. Kwa kuiambia ijaribu mara moja zaidi na kupita, usiku mmoja ulitosha. Mafaili mawili tu ndiyo yaliyokataa.

Sikuhamisha mfumo kutoka diski ya zamani, nilisimika Windows 11 upya kutoka kwenye flashi ya GB 8. Nilichomoa diski mbovu kabisa kabla ya kuanza, kwa sababu kisakinishi kikiikuta kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia mfumo huko, na siku utakayoitoa kompyuta haiwaki. Leseni ilijirudisha yenyewe nilipounganisha intaneti, maana imefungwa kwenye ubao mama na si kwenye diski. Kufunga SSD ni skrubu nne na kebo mbili.

Sasa tathmini yangu. Kutoka kuwasha hadi kufungua folda, sekunde 17, kwenye prosesa ileile, RAM ileile, Windows 11 ileile niliyoilaani wiki nzima. Wastani wa kujibu wa diski nikiangalia sasa uko chini ya milisekunde moja. Narudisha sekunde tano nyuma na sauti inaanza kabla sijainua kidole. Kilichobaki kilikuwa kusita kidogo nikicheza video, na kilikwisha nilipoweka kiendeshi cha picha kutoka kwa mtengenezaji wa prosesa. RAM ya GB 8 inatosha kazi yangu, ingawa vichupo vya kivinjari vikizidi ishirini inaanza kuhema, nitaongeza.

Mfumo wenyewe nimeuzoea. Menyu ya kubofya kulia inayoficha nusu ya vitu bado inanikera, na nimeurudisha upau wa chini upande wa kushoto. Kwa mwenye diski ya kuzunguka anayefikiria kupandisha toleo, ningemwambia asome C5 kwenye CrystalDiskInfo kabla ya kubofya chochote, na kama uwezo upo abadilishe diski kwanza. Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka isiyo na ubovu inatembea, lakini kwa kujikokota.

Nimebakiza yale mafaili mawili. Moja lilikuwa rasimu ninayoweza kuiandika tena. La pili ni rekodi ya mama, dakika arobaini, akinisimulia safari yake ya kwanza kwenda shule ya bweni. Nakala nyingine haipo. Niliwasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine usio Windows, kutoka kwenye flashi, nikaifungua diski ile kwa kusoma tu, nikaielekeza ddrescue, programu ya kuokoa data, kwenye faili hilo moja. Programu hii inachukua kwanza vipande vinavyosomeka, inaandika ramani ya vilivyoshindikana, halafu inavirudia kimoja kimoja. Ilihangaika saa mbili na nusu, tk, tk, nami nimekaa pembeni nikiihesabu. Mwishoni zilibaki sekta tatu ambazo hazikutoka. Kila sekta ya diski hiyo ni baiti 4,096, na kwa rekodi yangu zote tatu kwa pamoja ni kama milisekunde 70 za sauti.

Nimeisikiliza yote. Katika dakika ya 23 mama anasema walifika mtoni jioni na mtumbwi ulikuwa ng'ambo, pale kwenye neno "mtumbwi" sauti inakatika kidogo, kisha anaendelea kusimulia.