Umetaka mwanga, nimekupa mwanga

Si kawaida yangu kuandika habari za kazi ya mtu hadharani. Lakini hili limenikaa rohoni tokea kaskazi ya mwaka jana, na kila nikimuona mtu anauliza nani amchoree chumba kidogo cha kupumzikia chenye nuru ya jua, naona nikinyamaza nitakuwa nimemdhulumu. Jina la mchora ramani silitaji. Akisoma atajijua.

Mama yangu ni msusi wa mikeka. Ametolewa mtoto wa jicho macho yote mawili, na tangu hapo jua kali linamchoma, lakini kiza nacho hakimfai, maana ukili wa rangi lazima auone. Alikuwa akihamahama na kazi yake: asubuhi barazani, Adhuhuri chini ya mwembe, Laasiri nyuma ya jiko. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika nikasema basi, namjengea chumba chake uani, futi 10 kwa 12. Asuke, asali Dhuha yake, ajinyooshe kidogo asisumbuliwe na mtu. Mchora ramani nilimwambia nataka mambo matatu tu: mwanga, upepo na utulivu.

Nikampeleka mpaka Kidichi, kwa kuwa sisi tuko Bububu, hapa Unguja, na si mbali. Yale mahamamu, majumba ya kuogea, Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe Shahrzad, Muajemi, mwaka 1850. Nikamuonesha kuba na vile vidirisha vidogo vya juu. Nuru inaingia kidogo kidogo, inagonga chokaa, ikikufikia pale chini imeshapoa. Nikamwambia, mimi nataka mwanga uliopoa namna hii. Akatikisa kichwa, akapiga picha, akasema amenifahamu.

Kumbe alichofahamu ni kioo. Paa la katikati lote kioo! Nami sijitoi, ramani niliiona na nikaikubali, kwa sababu kwenye karatasi ilipendeza na nilimuamini kuwa anajua jua la kwao.

Hilo ndilo linaloniuma. Unguja tuko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta. Jua linatupita utosini khasa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na miezi iliyobaki haliendi mbali. Ulaya wanaweka kioo juu ya paa kwa sababu jua lao la baridi liko chini na ni haba, wanalitafuta. Sisi tunalikimbia. Likipita kwenye kioo, sakafu na kuta zinalinywa, kisha zinakurudishia joto mpaka usiku. Hewa ya moto nayo inapanda, na huko juu hakuacha hata tundu moja la kuitoa. Ingekuwa jambo geni ningemsamehe. Mji Mkongwe uko pale, dala dala moja tu: kuta za mawe na chokaa nene kupita dhiraa, vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, dari iko juu, na mwanga unaingia kwa ubavu kutoka uani. Mtu amekulia humo, halafu ananiletea kioo.

Siku ya kwanza Mama aliingia baada ya kusali Adhuhuri, amejitia udi, amebeba ukindu wake ameshaurowesha. Nilikuwa naye. Haikupita nusu saa ukindu umekauka, ukawa unakatika mkononi. Alitoka kanga imemganda mwilini, macho yanamchuruzika machozi, akaniambia, "Chumba kizuri, mwanangu." Akarudi kwenye mwembe.

Nikapiga simu siku tatu. Siku ya nne akaja.

Aliingia na viatu. Mama amekaa pale pale juu ya mkeka wake, na yule kijana akaukanyaga, akanisalimia mimi, Mama hata shikamoo hakumpa. Nikamueleza joto, nikamueleza macho ya mzee. Akatazama juu, akatazama saa yake, akasema, "Dada, umetaka mwanga, nimekupa mwanga. Wekeni pazia." Mama hakusema kitu. Alikamata pembe ya mkeka akawa anauvuta polepole kutoka chini ya soli yake, na yeye wala hakuhisi, ananieleza bei ya mapazia. Mpaka leo nikipika, nikiwa skuli nasahihisha madaftari, ule mkono wa Mama naukumbuka. Joto ningelisahau.

Haki lakini niiseme. Madirisha aliyapanga vizuri. Moja lipo kusini mashariki na mwenzake anamkabili, na kusi ilipoanza kuvuma upepo ulipita humo ndani tukawa tunajifunika. Masika nzima mvua iligonga kile kioo na halikuingia tone. Jua nalo mwezi wa Juni linasogea upande wa kaskazini, likapungua ukali, Mama akawa anakaa mpaka saa nne asubuhi. Usiku mmoja wa mwezi mpevu tulilala chali mimi naye, mwezi uko juu yetu, ananisimulia utoto wake Pemba, habari ambazo sijapata kuzisikia. Nikajiambia labda nimemuonea kijana wa watu. Nilitaka hata nimpigie nimshukuru.

Kisha ikaja hesabu ya mwisho, na ile ziara yake ya viatu ameitia humo kama ukaguzi. Nilipe! Nimlipe kwa kumkanyagia mzee mkeka wake! Nililipa, kwa sababu Mama hataki deni nyumbani.

Oktoba jua liliporudi utosini, chumba kikawaka tena. Mama akamwita mwanangu, akamwambia apande na lile jamvi kuukuu la mwaa lililokuwa stoo, alitandaze juu ya kioo, chini yake aweke fito ili upepo upite, kisha alifunge kwa kamba za makumbi. Kazi ya saa moja. Pazia la ndani linakuzuilia mng'aro tu, joto limeshaingia. Jamvi linalizuia nje kabla halijafika. Na jua likipenya kwenye zile nyuzi zilizoachana linashuka vipande vipande, laini, linatembea juu ya mkeka kadiri siku inavyokwenda. Mwanga uliopoa. Ule ule niliompeleka Kidichi akauone. Joto la juu bado linataka tundu, na fundi wa mtaani ameshalipima, lakini Mama sasa hatoki humo.

Mtaniuliza, nimpe kazi? Upepo anaujua, maji anayajua. Kama una subira, msimamie, na kioo mkatalie. La, hapana. Nimeandika hivyo halafu nikaukumbuka ule mkeka. Msimpe. Chumba cha kupumzika hawezi kukichora mtu asiyemtazama atakayepumzika ndani yake.

Juzi juzi alikuja tena, na kamera, anataka picha za kuwaonesha wateja wake. Akasimama mlangoni, akatazama juu, akaomba jamvi literemshwe kidogo tu, kioo kionekane. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama akanitangulia, macho hajayainua kwenye ukili: "Vua viatu kwanza, baba. Na jamvi langu liache lilipo."

Alivua.