Skrini au roboti mwenye mwili: nani hututawala zaidi?
Tuanze na skrini. Clifford Nass na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu somo kwenye kompyuta, kisha wakawauliza limefundishwaje. Walioulizwa na kompyuta ileile iliyowafundisha waliisifu kuliko walioulizwa na kompyuta ya pili au kwa karatasi. Yaani mtu anaionea haya mashine usoni, na ukimuuliza anakana!

Mwili huzidisha mambo. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale uliochapishwa 2011, roboti Nico aliwaelekeza watu kwa ishara wapi pa kuweka vitabu. Baadhi walikuwa naye chumbani, wengine walimwona kwenye video. Maelekezo ya kawaida yalifuatwa kote. Alipoashiria vitabu vitupwe kwenye pipa la taka, waliokuwa naye ana kwa ana walitii zaidi.

Kwa kufundisha au kuhoji, naona skrini inatosha, tena ni nafuu. Kumhimiza mgonjwa afanye mazoezi ya viungo, hapo ningechagua roboti, ila asifanane mno na binadamu: tangu 1970 Mjapani Masahiro Mori, mtaalamu wa roboti, alishaonya kwamba ufanano unaokaribia kukamilika hutisha badala ya kuvutia.