Uzoefu wangu: miezi miwili nasikiliza vituko vya wanasiasa na watu wa sinema ndani ya mwendokasi

Habari zenu wadau. Mimi nakaa Kimara na kazi yangu iko Kivukoni, kwa hiyo asubuhi na jioni nipo kwenye mwendokasi na mara nyingi nimesimama, kushika kitabu haiwezekani. Ndo nikaanza kulipia app ya vitabu vya kusikiliza, ni ya Kingereza, na cha kwanza kudanlodi kilikuwa mkusanyiko wa vituko vya wanasiasa na watu wa sinema, masaa 9 hivi. Nimekimaliza mara mbili, naandika kwa yeyote anayefikiria kulipia vitu vya namna hii.

Kilichonishika kabisaa ni sura ya Ronald Reagan. Wengi tunajua alikuwa mwigizaji kabla ya kuwa rais wa Marekani, mi sikujua kwamba kabla ya sinema alikuwa mtangazaji wa redio kule Des Moines, Iowa, miaka ya 1930, anatangaza mechi za besiboli za Chicago Cubs na uwanjani hayupo! Yuko studio, taarifa zinakuja kwa telegrafu, fundi anamsogezea kikaratasi chenye maneno mawili matatu na yeye anaijenga mechi nzima kwa mdomo kama anaiona. Sa siku moja mechi iko mwishoni, waya ukakatika. Akisema ukweli watu watahamia stesheni nyingine, maana kulikuwa na wengine wanatangaza mechi hiyohiyo. Basi akamfanya mpigaji apige mpira ukatoka nje, maana mpira wa hivyo hauandikwi kwenye matokeo, akapiga mwingine nao nje, mwingine tena, akaingiza na watoto wanagombania mpira jukwaani, yeye mwenyewe alivyokuwa anasimulia ilifika karibu dakika 7, waya kurudi karatasi inasema yule jamaa alishatolewa kwa mpira wa kwanza. Nilicheka kutoka Manzese mpaka Magomeni, dada aliyekaa pale akaniuliza kaka uko sawa?

Na ukishaisikia hiyo ndo unaelewa mengine yake yote yametokea wapi, yani huyu mtu alijifunza kwenye redio kutokuacha kimya kimshinde. Tarehe 30 Machi 1981 alipigwa risasi Washington, hata miezi mitatu hajamaliza ikulu, mke wake Nancy anafika hospitali, mzee anamwambia mpenzi nilisahau kukwepa. Maneno hayo ni ya bondia Jack Dempsey, aliyamwambia mke wake alipopigwa na Gene Tunney 1926, na mtu ana risasi mwilini bado ameyakumbuka! Kabla ya upasuaji akawaambia madaktari natumaini nyote ni Republican, yani wa chama chake, na Dk. Joseph Giordano, ambaye ni Democrat, chama pinzani, akamjibu leo mheshimiwa sote ni Republican. Afu miaka 6 mbele, Juni 1987, anahutubia Berlin Magharibi, puto likapasuka paaa kama bunduki, hakushtuka, akasema tu "umenikosa" akaendelea na hotuba. Hiyo nimeirudia sijui mara ngapi.

Ile ya mdahalo wa wagombea urais wa 1984 pia ipo. Alikuwa na miaka 73, wanamuuliza umri, akasema hatautumia ujana na uchanga wa mpinzani wake kwa faida ya kisiasa, na Walter Mondale mwenyewe anacheka pale pale. Mondale alikuja kukiri baadaye kwamba kwenye kicheko kile alijua uchaguzi umemponyoka. Hapa wameweka sauti halisi ya siku ile, nawapongeza sana, nilitafuta na video nikaona mzee anachukua glasi ya maji taratibu huku ukumbi unaangua kicheko.

Joseph Estrada wa Ufilipino amepewa dakika chache tu na inaniuma, maana ni mwigizaji aliyefika urais 1998, jina lake la utani Erap ni neno pare lililogeuzwa, kwao ni kama sisi tunavyosema mshikaji, kinyume kabisa kama tulivyokuwa tunaongea utotoni. Kitabu cha vichekesho kuhusu Kingereza chake kilitoka 1994 na hakununa, akakipokea kwa mikono miwili. Wangemwongezea muda.

Sasa kasoro. Sura za mwisho zimesomwa na sauti ya kompyuta, na kichekesho kisichopumua ni maiti, inasoma swali na jibu kwa spidi moja, watu wasifanye hivyo jamani. Pili wamebeba kila kitu. Ile ya Churchill wa Uingereza na mbunge mwenzake Lady Astor, mama anasema ningekuwa mkeo ningekutilia sumu kwenye kahawa, naye anajibu ningekuwa mumeo ningeinywa, wameisimulia kama ilitokea, wakati kichekesho hicho kilishachapwa magazetini Marekani Churchill hajawa hata waziri. Na Samuel Goldwyn, mtayarishaji wa sinema wa Hollywood, amebandikwa maneno kibao ambayo mengine alikana kuyasema, msikilizaji alipaswa aambiwe. Nimewaandikia, siku 4 ndo wakajibu, jibu la kunakili.

Bando haliumi sana ukidanlodi kwenye wifi ya ofisini. Nyota 4 kati ya 5, na mwezi huu nimelipia tena.

Jumapili nilimpelekea mjomba Kigamboni nikamtafsiria, yeye ni mtu wa mpira wa redioni tangu enzi za Redio Tanzania. Kwenye risasi alitikisa kichwa tu. Ila ile ya besiboli alishika kikombe cha chai hakukinywa, mwisho akasema, "Mwanangu, hebu irudishe pale waya unapokatika."